Washa ¶ kwanza, ndipo uguse kazi ya mtu

Mimi napiga mashini Kadutu, hapa Bukavu: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa moja yenye hasira. Wanafunzi wananiletea memwari (kazi ya kumaliza masomo) kwenye fleshi usiku wa mwisho, na wote wana wimbo mmoja: "Yaya, ni kupanga tu kidogo."

Sigusi kitu kabla ya kubonyeza, kwenye Word, Ctrl, Shift na 8 pamoja (kwenye LibreOffice ni Ctrl na F10). Hapo karatasi inavua nguo, alama zilizofichwa zinaonekana. Kila nafasi inageuka kitone, kila Tab mshale, kila Enter inaacha ¶. Usiogope, hazitoki kwenye printa.

Ukiona vitone ishirini mbele ya kichwa, mtu alikisukuma hadi katikati kwa kidole. Vifute, tumia kitufe cha kuweka katikati. Ukiona ¶ kumi na mbili zimepangana kama foleni ya bidoni kwenye bomba, alikuwa anatafuta ukurasa mpya. Zifute, weka Ctrl na Enter mara moja.

Mshale uliokunjwa, ↵, ndio unaosumbua watu zaidi. Umenyoosha maandishi pande zote mbili, halafu mstari mmoja unavutika hivi:

La      méthode      utilisée

Watu wanapunguza nafasi, wapi! Kosa liko mwisho wa mstari: alibonyeza Shift na Enter. Kwenye Word, chagua aya hiyo, fungua Ctrl na H, tafuta ^l (herufi L ndogo), badilisha kwa ^p. Aya hiyo tu, usifanye faili nzima; kwenye anwani ya barua ↵ ina kazi yake.

Sasa kosa langu mwenyewe. Niliandika mkataba wa nyumba, garanti (amana ya nyumba) 1 500 000 FC, yaani faranga za Kongo. "1" ikabaki mwisho wa mstari, "500 000 FC" ikashuka chini. Mpangaji alisoma mstari wa chini, mwenye nyumba akasoma yote miwili, na wote wawili wakaja kunitafuta mimi. Nilichapa upya bila malipo. Tangu siku hiyo, ndani ya hesabu naweka nafasi isiyokatika: Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi. Ukiwasha ¶ unaiona kama kiduara kidogo badala ya kitone. Iweke pia kati ya "p." na 37, kati ya "Art." na 5.

Kwa Kifaransa, Word yenyewe inaingiza nafasi hiyo mbele ya : ; ? na !. Lakini ukiandika barua ya Kiswahili huku lugha imebaki Kifaransa, utapata "Wapendwa :" na Kiswahili hakiachi pengo hapo. Chagua maandishi, badilisha lugha iwe Kiswahili, kisha futa mapengo yaliyokwisha kuingia.

Imebaki É. Klavie (kibodi) ya Kifaransa, AZERTY, ina é ndogo, ila ukishika Shift inakupa 2, ndiyo maana mji umejaa "ETAT" na "ECOLE". Shika Alt, andika 0201 kwenye namba za upande wa kulia, achia. Ç ni 0199, À ni 0192, œ ni 0156. Kama kompyuta yako ndogo haina namba za pembeni, fanya kama mimi: nina faili inayoitwa "herufi", ndani mna mstari mmoja tu, É È À Ç Œ œ « », nami nanakili humo.