Namna ya kupunguza kemikali zinazovuruga homoni jikoni

Anza na joto, kwa sababu ndilo linaloharakisha bisfenoli A na thalati, kemikali zinazotumika kutengeneza plastiki, kutoka kwenye plastiki hiyo na kuingia katika chakula, na zikishafika mwilini huweza kuiga au kuzuia kazi ya homoni kama estrojeni. Usifunike sufuria ya githeri kwa karatasi ya nailoni, desturi inayoonekana bado Nairobi ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Kifuniko cha kawaida kinatosha kabisa. Maziwa ya mtoto yapashe moto katika sufuria, yapoe, ndipo uyatie kwenye chupa, kwani watoto wachanga na waja wazito ndio walio hatarini zaidi. Chombo kilichoandikwa kwamba hakina bisfenoli A kisikutulize mno: huenda kina bisfenoli S, ambayo nayo huvuruga homoni.