Kabla Hujajenga Banda la Kukaushia Mbao kwa Jua

Hesabu ya kwanza ya kupiga haihusu bati wala misumari. Inahusu maji. Mbao 35 za inchi mbili kwa sita zenye urefu wa futi 12, kama vipimo vyake ni kamili, zinajaza mita moja ya ujazo. Chukua msindano uliopasuliwa leo hapa Mufindi, Iringa. Tuseme mita hiyo ikikauka kabisa itabaki na uzito wa kilo 400. Ukiwa mbichi unaweza kubeba maji ya uzito uleule. Kuushusha hadi unyevu wa asilimia 12, yaani maji yawe asilimia 12 ya uzito wa ubao mkavu, unaomfaa fundi wa samani, inabidi utoe lita 350 hivi. Hayo ni madumu kumi na saba na nusu ya lita 20, na yote yatatoka bandani mwako yakiwa mvuke.

Naanzia hapo kwa sababu mimi nilianzia kwingine. Banda langu la kwanza nililijenga nikiwaza joto tu. Niliziba kila tundu, nikapaka kila kitu rangi nyeusi, na kweli mchana ndani kulikuwa hakukaliki. Siku ya tano nikafungua mlango, matone yakaniangukia shingoni kutoka kwenye nailoni ya paa, na mbao za msindano zilikuwa zimeshaanza michirizi ya bluu ya ukungu. Joto lilikuwepo, ila maji hayakuwa na pa kwenda. Joto huyasukuma maji kutoka ndani ya ubao, lakini upepo ndio unaoyabeba. Kila unachokiandaa, kuanzia kiwanja hadi kijiti cha mwisho, kipime kwa swali moja: maji haya yatatokaje?

Kabla ya kununua chochote, jua unakausha mti gani na mbao zinakwenda wapi. Ubao una maji ya aina mbili: yaliyojaa kwenye vijishimo vya chembe zake, na yaliyonyonywa na kuta za chembe zenyewe. Yale ya kwanza kwa kawaida hutoka bila ubao kubadilika umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo ubao huanza kusinyaa, kupinda na kupasuka. Kusinyaa huko kunakoma pale ubao unapopatana na hewa iliyouzunguka. Katika nyuzijoto 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha ubao kwenye asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 80 huuacha karibu na 16. Ndiyo maana mlango uliotulia Dodoma wakati wa kiangazi unaweza kugoma kufunga ukipelekwa Unguja, na meza iliyotulia Dar es Salaam ikachanika katikati ikifika Dodoma. Niliwahi kumpelekea mteja wa Dodoma meza ya watu wanane, mbao zake zimeanikwa uani kwangu mwezi mmoja na nusu. Baada ya wiki chache alinipigia simu: ufa unaingia kidole. Nilirudisha hela yake, na sijaisahau ile simu. Ukiwa na mteja wa bara kavu, lenga asilimia 9 au 10. Wa pwani, 12 hadi 14 inatosha.

Mti nao una tabia yake. Msindano ni mwepesi wa kukausha na hatari yake ni kucheleweshwa: ukikaa umerundikwa mbichi siku chache tu penye joto, ukungu wa bluu unaingia. Kwa hiyo banda liwe tayari kabla ya kupasua, sio baada. Mkaratusi, ambao wengine huuita mlingoti, ni kinyume chake. Ukiukimbiza ungali umejaa maji, chembe zake hunywea na uso wa ubao ukawa na mabonde kama bati la migongo. Huo uanike kwanza kivulini, umepangwa vizuri, mpaka ukaribie asilimia 30 ndipo uingie bandani. Mninga na mtiki hutulia vizuri ukivipa muda. Usichanganye miti tofauti wala unene tofauti katika mzigo mmoja, kwa sababu ratiba ya banda itafuata ubao ulio mgumu kukausha kuliko wote.

Ukubwa wa banda unatokana na paa. Kipimo kinachotumika sana kwa mabanda ya jua ni mita moja ya mraba ya paa linalopitisha mwanga kwa kila robo ya mita ya ujazo ya mbao. Mzigo wa mita mbili za ujazo basi unataka paa la mita 8 za mraba. Wengi hudhani paa likizidi ni bora. Kwa msindano unaweza kuongeza kidogo, lakini kwa mbao ngumu paa kubwa kwa mzigo mdogo ni njia ya mkato ya kupata nyufa. Na ukishajenga kwa mita mbili, usiwashe banda kwa nusu mita eti una haraka ya oda moja. Ama lijaze, ama funika sehemu ya paa kwa turubai.

Kiwanja kiwe wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, bila kivuli cha mti wala cha nyumba ya jirani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na katika miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Paa liinamie huko. Mwinamo wenyewe hauhitaji kuwa mkali kama wa nchi za baridi, ila usipungue kiasi cha kumwaga mvua. Juni na Julai huku kwetu kuna ukungu na baridi, kwa hiyo mzigo ulioingia wakati huo utachukua siku nyingi kuliko wa Septemba. Msindano wa inchi moja, jua likiwa zuri, huchukua wiki mbili hadi nne. Mbao ngumu ni mwezi, miwili, na zaidi. Mwambie mteja ukweli huo kabla hajakupa kianzio.

Sakafu wengi huidharau. Mita mbili za msindano mbichi ni zaidi ya tani moja na nusu, na uzito huo ukishusha kona moja kwa sentimita tatu, mbao zote zitakauka zikiwa zimepinda kufuata sakafu. Weka nguzo za tofali au zege, pima kwa uzi na pima maji, inua sakafu juu ya ardhi, tandika nailoni chini ili unyevu wa udongo usipande, na ziba njia za mchwa. Kuta ziwe za tabaka mbili, katikati maranda makavu ya kuzuia joto lisitoke. Ndani zipakwe rangi ya fedha mikono miwili ili mvuke usiingie ukutani ukaozesha banda lenyewe. Paa, nailoni ya vitalu nyumba inafaa kuanzia na ni rahisi, ila itachanika baada ya misimu michache. Mabati magumu yanayopitisha mwanga ni ghali zaidi na yanadumu.

Sasa upepo, ambao ndio moyo wa kazi. Chini ya paa, juu ya mbao, panatundikwa bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Jua hulipasha bati hilo, feni husukuma hewa kupita juu yake, hewa inashuka upande wa pili, inapenya kati ya mbao na kurudi kwenye feni. Mzunguko huo ukiwa na njia ya mkato, hewa itaichukua. Ikipata nafasi ya kiganja juu ya rundo au pembeni, itapita hapo na kuziacha mbao za katikati zimelala mbichi. Andaa mapazia ya turubai ya kuziba juu na ubavuni mwa rundo, na rundo lisizidi upana wa mita 1.2, vinginevyo upande mmoja utakauka mwingine ukisubiri.

Feni za mezani za nyumbani usizitumie. Ndani ya banda joto hufika nyuzi 50 hadi 60 mwishoni mwa mzigo, na mota zake huungua. Feni za rejeta za gari zimezoea joto, zinapatikana kwa wauza vipuri, na zinatumia umeme wa volti 12. Lakini zinakula: ihesabie kila moja wati 80 au zaidi. Mimi nimeziunga moja kwa moja kwenye paneli za sola bila betri, na napendekeza ufanye hivyo hata kama umeme wa gridi unao. Jua likiwaka feni zinazunguka, wingu likipita zinapungua, na magharibi zinalala zenyewe. Kulala huko ni dawa. Usiku banda hupoa, hewa ya ndani hupata unyevu, na ngozi ya ubao iliyokakamaa mchana hulainika. Matanuri makubwa ya viwandani hulazimika kupuliza mvuke ili kupata faida hiyohiyo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu jiko la kuni badala ya jua. Chumba kikavu chenye mbao, maranda na vumbi ni fataki. Kama huna budi, moto ukae nje kabisa ya jengo na joto liingie kwa bomba la maji ya moto. Kwa mara ya kwanza anza na jua.

Papi za kutenganisha mbao ziandae mapema na nyingi kuliko unavyofikiri. Ziwe kavu, za mti usiotoa rangi, na zote za unene mmoja, sentimita 2 hadi 2.5. Papi mbichi huacha alama nyeusi ambayo randa haiifikii. Zipange kila baada ya sentimita 40 hadi 60, moja juu ya nyingine kwa mstari ulionyooka toka sakafuni hadi juu, na chini ya kila mstari pawe na mhimili. Hapa mashine zetu za dingdong, zile ndogo za kupasulia magogo, zinatutesa: ubao uleule unaweza kuwa inchi moja kichwa hiki na inchi moja na robo kichwa kile. Ubao mwembamba ukiwa katikati ya wanene haubanwi na papi, na usiobanwa hujikunja utakavyo. Pitisha kipimo kwenye kila ubao kabla ya kupanga, wanene rundo lao, wembamba lao. Juu kabisa weka matofali au zege, maana safu ya juu ndiyo hupinda kuliko zote. Vichwa vya mbao vipake rangi ya mafuta au nta siku ileile ya kupasua. Maji hutoka kichwani haraka mara kumi na zaidi kuliko ubavuni, na nyufa za vichwa zikishaanza hakuna wa kuzirudisha.

Kipima unyevu cha meno mawili ni chombo kizuri, lakini juu ya asilimia 30 namba zake si za kutegemea. Kwa mbao mbichi tumia mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande chembamba cha sentimita mbili na nusu, mbali na kichwa cha ubao angalau sentimita 30, na ukipime papo hapo. Tuseme ni gramu 92. Kiweke kwenye oveni kwenye nyuzi 103, kipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Kikigomea 50, maji yalikuwa gramu 42. Gawa kwa 50, unapata asilimia 84. Tenga mbao tatu za mfano, moja ya pembeni na mbili za katikati, zipange kwa namna ya kuchomoka, uzipime kila baada ya siku mbili na kuandika kwenye daftari. Bila daftari utakuwa unakausha kwa kubahatisha.

Matundu ya hewa yawe ukuta wa nyuma, mawili juu na mawili chini, yenye vifuniko vya bawaba. Msindano mbichi uanze nayo wazi sana. Mbao ngumu zianze yakiwa yamefunguliwa kidogo, uongeze pole pole ukiangalia nyufa za usoni. Unyevu wa mbao ukishafika chini ya asilimia 20, yabane matundu ili joto lipande, na joto hilo la mwisho pia linasaidia kuua bungua, wadudu watoboa mbao, walioingia na gogo. Kabla ya kushusha mzigo, kata kipande na ukichonge kama uma wenye meno mawili. Meno yakijikunja kuelekeana, ubao bado una mkazo ndani na utapinda ukipasuliwa tena. Nyunyiza maji sakafuni, funga matundu, uache siku mbili tatu.

Mzigo ukikaa bandani mwezi mzima ni rahisi mtu kuja kuuliza umetoka wapi, kwa hiyo risiti na hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya kusafirishia mbao zikae mahali unapoziona. Na anayetaka kujifunza zaidi ya hapa, Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi, FITI, ndicho shule ya kazi hii.

Kabla ya kufunga mlango mara ya kwanza, washa feni, kisha chukua dawa ya mbu ya kuzungusha, iwashe, uishike usawa wa katikati ya rundo upande hewa inakoingilia. Mtu mwingine asimame upande wa pili na tochi. Moshi ukichomoza kwake ndani ya sekunde mbili, njia iko sawa. Rudia juu, rudia chini, rudia kila kona. Ukiona moshi unapanda badala ya kupenya, tafuta pengo kwenye mapazia na ulizibe siku hiyo hiyo. Kisha pima mbao za mfano, andika uzito kwa chaki kwenye kichwa cha kila moja, andika tarehe, funga.