Ukija Lamu kutazama vyombo vya baharini, anzia makumbusho

Wageni wengi wakishuka gatini huliendea jahazi la kwanza lenye tanga jeupe, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi nimelelewa na mafundi wa vyombo, na nakuomba uanzie Makumbusho ya Lamu, lile jumba linalotazama bahari ambalo zamani maofisa wa Kiingereza waliishi. Chukua kitambulisho, maana kiingilio cha raia, mkazi na mgeni wa nje si kimoja.

Siwa, yaani pembe kubwa za kupuliza, utaziona, na ile ya Pate ya pembe ya ndovu inastahili kila sifa. Lakini wakati wako mwingi upe mfano wa mtepe, chombo cha kale cha kushonwa. Inama mpaka macho yawe sawa na ubavu wake, kisha fuata mshono. Hakuna msumari. Mbao zilitobolewa kwa keekee, zikaunganishwa kwa vijiti vya mti, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kwa kushonwa hivyo chombo kilinyumbuka, kikaweza kupweleka mchangani na kupigwa na mawimbi bila kupasuka. Gharama yake ni maji: yalipenya kwenye mishono, na mabaharia hawakupumzika kuyakumba. Sasa inua macho utazame tanga. Ni la pembe nne, limesukwa kwa miyaa kama mkeka. Omo ya mtepe, yaani sehemu yake ya mbele, imenyanyuka mfano wa shingo ya ngamia, na wazee wetu husema ni ngamia wa Mtume.

Mitepe iliundwa visiwa hivi hivi vyetu, ikabeba boriti za mikoko, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoweka. Zanzibar waliunda mmoja wa ukubwa kamili kwa ajili ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, na jumba hilo likaporomoka sehemu yake Desemba 2020. Kwa hiyo mfano huo mdogo usiupite haraka. Mhudumu akiwa karibu muulize; maelezo ya ukutani ni mafupi, naye ana mengi.

Toka nje maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndizo bora, kwa sababu majahazi hulala mchangani na tumbo lote huonekana. Chombo kianzie chini: mkuku, ule mti wa chini kabisa, kisha mataruma, yaani mbavu zake, kisha mbao. Hapa sasa utaona misumari, na kati ya ubao na ubao pamba iliyotiwa mafuta na kusindiliwa, ndiyo kalafati. Chini hupakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na chokaa. Omo ya jahazi la Amu, yaani la Lamu, husimama wima, na ubavuni pake utaona duara lenye mwezi na nyota. Tanga liache mwisho. Ukishajua tumbo, utaelewa kwa nini foromali, mti unaobeba tanga, ni ndefu vile na kwa nini kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, ni kazi ya watu wengi.

Ukiwa na siku nyingine, nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Kwa miguu au kwa punda utafika, ila napenda zaidi mashua, kupitia mkondo wa mikoko maji yakijaa. Piga hodi kabla ya kuingia penye chombo kinachoundwa, toa salamu, na usipige picha ya mtu bila idhini. Ijumaa mchana usiende. Watu wako msikitini. Muombe fundi akuonyeshe tezo yake, kile kishoka cha kuchongea, na namna anavyopima taruma kwa jicho, bila mchoro wowote. Mimi ningekaa hapo asubuhi nzima. Ukialikwa kupanda chomboni, vua viatu. Kina mama wa hapo husuka mikeka kwa miyaa. Nunua kwao wenyewe.

Patana na nahodha saa ya kurudi kabla hujashuka. Maji yakikupwa mkondo hubaki tope, na mashua haitoki mpaka yajae tena.