Kupekua kesi za kiwanja kabla hujalipa: kuanzia TanzLII hadi masjala ya Baraza la Ardhi

Wanunuzi wengi huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi. Huko unaambiwa nani anatambulika kuwa mmiliki, huambiwi nani anamdai. Kesi za ardhi Tanzania Bara zimetawanyika kwenye masjala (ofisi za kutunza majalada) za mabaraza na mahakama, na hakuna dirisha moja la kuzionyesha zote. Inabidi upekue mahali kadhaa, ukianza na TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, tena kwa mpangilio, maana utakachokipata sehemu moja ndicho kitakachokuongoza kwenda nyingine. (Zanzibar ina mahakama zake na utaratibu wake. Hukumu zake zitafute kwenye tovuti ya ZanzibarLII.)

Hatua ya 1: Andika majina na alama za kiwanja

Kosa la kwanza ni kupekua jina la muuzaji peke yake. Kesi ya ardhi humfuata kila aliyewahi kukishika kiwanja. Andika muuzaji, aliyemuuzia muuzaji, marehemu kama ni mali ya urithi, msimamizi wa mirathi, mume au mke wa kila mmoja wao, na majirani wa pande nne. Kama hati iliwahi kuwekwa rehani, ongeza jina la benki.

Halafu alama za kiwanja chenyewe: namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, mtaa, kata. Kama hakijapimwa, andika kitongoji, ukubwa kwa ekari au hatua, na mipaka.

Kila jina liandike kwa tahajia zote. Makarani huandika wanavyosikia: Saidi na Said, Mohamed, Mohammed na Muhamad, Athumani na Othman, Selemani na Suleiman, Abdallah na Abdala. Majina matatu hupinduliwa au kukatwa yakabaki mawili. Na usisahau jina la mtaani: kwenye hukumu zetu hutanguliwa na alama ya @, kwa hiyo mtu unayemjua kwa jina la ukoo anaweza kuwa amesajiliwa kwa jina la utani.

Rudi nyuma miaka mingapi? Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Ongeza miaka ambayo rufaa huchukua, na huna sababu ya kuishia kwenye miaka mitano ya karibuni kama wengi wanavyofanya.

Hatua ya 2: Jua kesi ingefunguliwa wapi

Mgogoro wa umiliki huanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama thamani ya mali haizidi shilingi milioni 300, na ikizidi hapo huenda Mahakama Kuu. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo kilikuwa chini sana, hivyo kiwanja kinachoonekana cha bei ya kawaida leo kinaweza kuwa na kesi ya zamani Mahakama Kuu.

Mabaraza ya Kata hayaamui tena, yamebaki kusuluhisha tangu marekebisho ya 2021. Ila yaliamua mengi kabla ya hapo, kwa mali isiyozidi shilingi milioni 3, na aliyeshindwa alikata rufaa Baraza la Wilaya. Ukipekua Baraza la Wilaya, omba waangalie na rejista ya rufaa.

Mali ya urithi ina mlango wake: Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na mahakama za juu kwa mirathi nyingine. Mgawanyo wa mali baada ya talaka nao unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na huko hakuna neno "ardhi" kwenye jina la shauri ingawa kinachogombewa ni nyumba. Dar es Salaam, mashauri mapya ya mirathi na ya familia yamekusanywa Kituo Jumuishi cha Temeke. Ya zamani yatafute kwenye mahakama yalikofunguliwa.

Angalia pia mipaka ya wilaya. Kimara na Mbezi Luis ziko Ubungo sasa, lakini kabla Ubungo haijamegwa zilikuwa Kinondoni. Kigamboni ilikuwa Temeke. Mtu akiuliza Baraza la wilaya mpya tu na kuambiwa "hakuna", ameambiwa ukweli, ila ameuliza mlango usio wake.

Hatua ya 3: Anza na TanzLII

Tovuti ya tanzlii.org ni bure na haihitaji kujisajili. Ina hukumu na maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Ya mabaraza na mahakama za chini usitegemee kuyakuta. Faida yake ni kwamba hukumu ya rufaa husimulia safari yote: ilianzia Baraza gani, kwa namba gani, nani alishinda. Ukipata hukumu moja ya juu umepata ramani ya majalada ya chini.

Tafuta hivi:

1. Weka jina kwenye alama za kunukuu, mara moja kwa kila tahajia. Bila alama hizo utaletewa kila Juma na kila Hamisi wa nchi nzima.
2. Tafuta kiwanja, si mtu. Hukumu nyingi za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo andika "Plot No." na namba, kisha "Block" na herufi yake, ukiongeza jina la eneo. Rudia kwa Kiswahili: "Kiwanja Na.", "Kitalu". Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, na maamuzi ya Kiswahili yanaongezeka.
3. Kwa shamba lisilopimwa tafuta jina la kijiji pamoja na "acres" au "ekari".
4. Chuja kwa mahakama na mwaka pale matokeo yanapokuwa mengi.

Mtego mkubwa uko kwenye majina ya mashauri. Shauri lenye wadaawa (wahusika wa kesi) saba huandikwa jina la wa kwanza, kisha "& 6 Others" au "na wenzake 6". Muuzaji wako anaweza kuwa wa tano, na jina lake lisionekane popote kwenye kichwa. Ndiyo maana kutafuta kwa namba ya kiwanja kunazidi kutafuta kwa jina. Mtego mwingine ni hukumu za zamani zilizopigwa skani: maandishi yake wakati mwingine hayasomeki na mashine, hivyo kisanduku cha kutafuta hakiyaoni. Kwa miaka hiyo fungua orodha ya mahakama husika, mwaka kwa mwaka, upitie vichwa kwa macho.

Ukipata kitu, nakili rejea yote. Mwaka kwenye mabano ya mraba hufuatwa na kifupi cha mahakama: TZCA ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, TZHCLandD ni Divisheni ya Ardhi. Muhimu zaidi ni namba ya shauri, kwa sababu masjala hawatafuti kwa rejea ya TanzLII.

Hatua ya 4: Nenda masjala

Kwanza soma ubao wa matangazo. Orodha ya mashauri ya wiki hubandikwa hapo, na haihitaji barua wala ada. Inakuonyesha kesi zilizo hai tu.

Kisha muone karani wa masjala ukiwa na karatasi yako. Baraza la Wilaya lina aina zaidi ya moja ya mashauri, na kila aina ina mfululizo wake wa namba: Maombi (ndiyo kesi ya msingi), Maombi Madogo (zuio la muda, kuongezewa muda, kurejesha shauri), Rufaa, na Maombi ya Utekelezaji. Taja zote. Ukisema "naomba kuangalia kesi" utaangaliziwa Maombi peke yake, na kumbe hatari imelala kwenye Utekelezaji: hukumu ilishatoka zamani na dalali wa mahakama anasubiri amri ya kuuza.

Kusoma jalada lenyewe huombwa kwa barua. Kwa Baraza iandikie Mwenyekiti, kwa Mahakama Kuu Naibu Msajili, kwa mahakama za chini Hakimu Mfawidhi. Iwe fupi:

YAH: OMBI LA KUPEKUA JALADA LA MAOMBI NA. __ YA MWAKA __
Mimi si mdaawa katika shauri hili. Nakusudia kununua kiwanja kinachotajwa humo, na naomba kibali cha kusoma mwenendo na amri zilizotolewa. Naambatisha nakala ya kitambulisho na barua ya ridhaa ya muuzaji.

Barua ya ridhaa ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu asiye mdaawa anaweza kunyimwa. Muuzaji akikataa kuiandika, sitisha mazungumzo ya bei hadi aeleze kwa nini. Ada ikitakiwa, omba kontroli namba, lipa benki au kwa simu, tunza risiti. Karani hapokei fedha mkononi.

Hatua ya 5: Soma jalada kuanzia nyuma

Fungua amri ya mwisho kwanza. Ikisema shauri "litatajwa" au "litasikilizwa" tarehe fulani, kesi iko hai na hakuna cha kujadili. Ikiwa imekwisha, tafuta imekwishaje, maana hapo ndipo watu hudanganyika.

Shauri lililotupwa baada ya ushahidi kusikilizwa limeamuliwa, lililobaki ni rufaa. Shauri lililoondolewa kwa kasoro, ambalo hukumu za Kiingereza husema "struck out", halijaamuliwa kabisa. Mdai anaweza kurekebisha kasoro na kurudi. Lililotupwa kwa sababu mdai hakufika linaweza kurejeshwa kwa maombi madogo. Lililoondolewa na mdai mwenyewe soma kama alipewa ruhusa ya kulifungua tena. Muuzaji atakuambia "nilishinda" kwa yote manne. Kwa hiyo soma aya ya mwisho mwenyewe.

Ushindi wa kweli nao una muda wa kusubiri. Kwa kesi iliyoanzia Baraza la Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 30, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Siku zikipita bado kuna maombi ya kuongezewa muda, ndiyo sababu rejista ya Maombi Madogo ilitajwa juu.

Angalia jambo moja ambalo wanunuzi hawalijui. Kwa miaka mingi Baraza la Wilaya liliendeshwa na mwenyekiti pamoja na wazee wa baraza, ambao maoni yao yalitakiwa yatolewe kwa maandishi na wadaawa wayasikie kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi ya mabaraza kwa kukosekana hilo tu, na kuamuru kesi isikilizwe upya. Basi ukikuta hukumu ya Baraza iliyokatiwa rufaa, tafuta kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za usikilizaji, mahali maoni ya wazee yaliposomwa. Kama hapaonekani, kiwanja hicho kina hukumu lakini hakina utulivu.

Hatua ya 6: Funga kwa upekuzi wa hati

Kwa ardhi yenye hati, lipia upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaonyesha rehani, zuio lililosajiliwa, na amri za mahakama zilizofikishwa kwake. Amri isiyofikishwa haitaonekana, kwa hiyo upekuzi huu haufuti kazi ya hatua za juu. Kama ni nyumba ya ndoa, dai ridhaa ya mwenzi kwa maandishi hata kama masjala zote ni safi.

Weka tarehe kwenye kila jibu ulilopata, na jina la masjala ulikolipata. Zikipita wiki kadhaa kati ya upekuzi na malipo, rudia ubao wa matangazo, rejista ya Maombi Madogo na upekuzi wa hati asubuhi ya siku ya kusaini.