Metronomu ya simu: iache ipige nusu tu

Wapiga kinanda na gitaa wa kwaya hapa Mwanza, jaribuni hili. Ukiwasha kwenye simu programu ya metronomu, yaani ya kukupigia mlio wa kupimia mwendo, usiiache ikupigie kila pigo. Wimbo wa mapigo manne ukienda 100 kwa dakika, weka 50, kisha hesabu ule mlio kuwa pigo la pili na la nne. La kwanza na la tatu utayabeba mwenyewe, na hapo ndipo mwendo unapojengeka. Ukikuta mlio umehamia kwenye pigo la kwanza, umeshatoka njiani. Simama, anza upya. Inasumbua mwanzoni, hasa nyimbo za taratibu, lakini vumilia. Ukizoea, shusha hadi 25 kama programu yako inafika huko.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na ukijirekodi kwenye simu hiyohiyo utajisikia umechelewa hata kama umepiga sawasawa.

Na mnaofanyia mazoezi ufukweni Capri Point, upepo wa ziwa humeza spika ya simu. Programu nyingine zina mtetemo: uwashe, simu uitie mfukoni.