Jinsi ya kumsoma mtazamaji wa igizo lako jipya bila kudanganywa na "mmejitahidi"

Kama una kikundi kidogo cha maigizo, viti vya plastiki 60 na igizo ndo kwanza limeanza, sahau kwanza yale unayoambiwa mlangoni shoo ikiisha. Mlangoni watu wana adabu. Atakwambia "hongereni jamani, mmejitahidi", na we mbongo mwenzangu unajua kabisa mmejitahidi maana yake nini, ni neno la mgeni aliekula wali umeungua. Ukweli anautoa akiwa amekaa gizani, akijua hakuna anaemwangalia.

Sa kazi yako ndo kumwangalia. Muongozaji asikae mbele na wageni wa heshima, akae pembeni karibu na spika, aone nyuso kuliko steji (steji ameshaiona mara mia), mkononi skripti na penseli. Wakicheka andika K kwenye mstari huohuo, wakiguna andika M, ukiona mwanga wa simu tatu nne kwa mpigo chora duara, hapo igizo limelala. Sikiliza na viti, kiti cha plastiki kinalia mtu akijigeuza, vikianza kulia ukumbi mzima ujue sini ni ndefu, kata. Mtu mmoja akitoka huyo kaenda chooni tu, wakitoka wanne wakati wa hotuba ya baba mwenye nyumba basi tatizo ni hotuba.

Shoo ya kwanza usiiamini sana. Hao ni ndugu na wa tiketi za bure, wanacheka hata binamu yao akiingia tu stejini hajasema kitu.

Alafu kelele sio utovu wa nidhamu, hili vikundi vingi wanakosea wanaweka mtu wa kunyamazisha watu. Mama wa mstari wa tatu akipiga kelele "usimfungulie, muongo huyo!" hapo umeshinda, andika alisema nini neno kwa neno. Kule Kamirithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, mazoezi ya igizo la Ngaahika Ndeenda la kina Ngugi wa Thiong'o yalifanyika hadharani na wanakijiji wakawa wanawakosoa waigizaji, kwamba mzee haongei hivo, kibarua hakai hivo, na igizo likanoga kwa sababu hiyo. Anaepanda kumtunza msanii elfu mbili katikati ya sini nae msimfukuze, msanii ajifunze kuipokea bila kutoka kwenye uhusika.

Ukitaka kuuliza, usiulize "umelionaje?" maana umeshamlazimisha akusifie. Muulize "ulitaka nani ashinde?" au "ni wapi ulianza kuwaza daladala ya kurudi?" Na uliza kesho yake, kwa voisi ya WhatsApp, mtu akiwa kwake kashapumzika anafunguka mwenyewe. Mlinzi wa getini usimsahau, kaliona igizo kila siku na hana undugu na mtu.

Kubadilisha sasa, badilisha kitu kimoja kwa shoo moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Na tafuta sababu kabla hujamlaumu msanii. Sisi tulikuwa na sini ya msiba, mjane analia mume kafa, watu wanacheka! Siku mbili mfululizo. Tukamsema yule dada mpaka akalia kweli, tukataka kumtoa, siku ya tatu nikahama nikakaa chini mbele kabisa na watoto, ndo nikaona. Mjane akiinama kushika jeneza mgongo unaangalia watu, taa inapiga palepale kwenye jina la kanga, na kanga imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Tukamuomba radhi, kanga tukaigeuza ndani nje. Kesho yake sini ileile, dada yuleyule, ukumbi kimya mpaka unasikia feni.