Kabla Hujamwongezea Dereva Saa Wakati wa Dharura: Mambo ya Kuzingatia Nyanda za Juu Kusini

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Katika miezi hiyo barabara ya TANZAM, ile itokayo Dar es Salaam hadi Zambia, ikikatika sehemu moja tu, Mbeya nzima inaanza kuulizana mafuta na dawa vitafika lini. Hapo ndipo mwenye magari anapompigia dereva simu: "Komaa kaka, mzigo unasubiriwa." Ombi hilo linaweza kuwa la haki kabisa, kwa kuwa mgonjwa anayehitaji oksijeni hawezi kungoja. Lakini masharti ya kumwongezea dereva saa za kuendesha yapangwe kiangazi, watu wakiwa wametulia, yasipangwe kwa simu usiku wa manane.

Anza na idhini. Kulegeza saa si uamuzi wa mwenye kampuni peke yake. Fahamu mapema nani yuko kwenye kamati ya maafa ya mkoa na ya wilaya yako, na uwaulize LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini) na polisi wa usalama barabarani utaratibu ukoje. Idhini yoyote iwe ya maandishi, itaje mzigo gani, barabara ipi, na mwisho lini. Tarehe ya mwisho ni muhimu sana. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusiwa kulegeza saa za madereva kwa dharura, ila kwa siku zisizozidi 30.

Kisha kubalianeni mzigo wa dharura ni upi. Marekani dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 ndani ya saa 14 za kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, kikomo hicho kililegezwa nchi nzima kwa waliobeba mahitaji ya dharura. Aliyechomeka kiasi kidogo cha misaada kwenye mzigo wa kawaida ili apate nafuu hiyo hakuhesabiwa. Masharti ya leseni na vipimo vya pombe na dawa za kulevya yalibaki palepale. Huo ndio mfano wa kuiga: saruji haigeuki kuwa dharura kwa kupakiwa pamoja na katoni tano za dawa.

Jambo zito kuliko yote ni kuhesabu saa ambazo dereva amekuwa macho, na si zile za usukani pekee. Aliyekaa kwenye foleni ya mpakani Tunduma akisogeza gari kidogo kidogo usiku kucha hakulala, hata kama kilomita alizotembea hazifiki kumi. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa mwone huyo huyo akivuka Uyole na shehena nzito, anaanza kuteremka mteremko wa Inyala, na mbele zaidi kuna ule mkali wa Kitonga. Akisinzia sekunde nne tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri usingizi humzidi mtu hata awe hodari vipi, na ukungu wa huku unaongeza taabu. Mimi ningeandika kwenye masharti kwamba saa za nyongeza zisitumike kwenye miteremko hiyo usiku. Dereva abadilishwe kabla ya mteremko, asingoje mpaka afike chini.

Kwa hiyo tafuta madereva wa akiba mapema. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua, unayemwokota stendi siku ya dharura huenda hajui breki za upepo za gari lako. Kagua daraja la leseni yake, mpitishe njia hiyo wakati wa jua. Utingo asikabidhiwe usukani hata kwa kilomita moja.

Mahali pa kulala pia pana mambo yake. Madereva wengi hulala jicho moja kwa kuogopa kunyonywa mafuta au kukatwa turubai. Chagua vituo, tuseme Mafinga, Makambako na Igawa, na lipia mlinzi, ili dereva alale kitandani mlango ukiwa umefungwa. Posho ya kusubiri nayo iwepo. Anayelipwa kwa tripu pekee atakuambia hajachoka, maana kusema kweli kunamwondolea chakula cha watoto.

Zaidi ya hayo, dereva akisema "nimechoka," apumzike bila kuulizwa maswali na bila kunyimwa safari ijayo. Mweleze hivyo mbele ya wenzake kabla ya masika. Dharura ikiisha, apate usiku mbili kamili nyumbani, na anayepanga magari ofisini asiwe na mamlaka ya kuufuta ule wa pili.